Coaster ya kulala inapiga kelele za belti kila asubuhi: usikaze tena, kwanza tafuta mzigo unatoka wapi

"Fundi habari za kazi. Nina Coaster ya zamani injini 1HZ, ile dizeli ya Toyota, nilitoa siti nikaweka kitanda, jiko la gesi, friji ndogo na inveta, mimi na mke wangu tunaitumia kuzungukia wafugaji nyuki huko Sikonge na Kaliua, tunalala porini siku tatu nne tunanunua asali ndo tunarudi Tabora mjini. Tatizo asubuhi nikiwasha inapiga ukelele mkali sana mbele kwenye belti, dakika tano mpaka kumi, afu inapungua, nikiwasha taa na feni unarudi. Gari ikilala nyumbani hailii sana. Nimeshabadili belti mara mbili mwaka huu. Fundi wa kwanza alikaza sana ikanyamaza wiki mbili, wa pili anasema ni taiming belti inataka kukatika niandae hela, jirani ananiambia nipake sabuni. Na siku hizi nasikia kama kuna kangurumo kengine chini ya ule mlio. Naogopa itanifia porini na mke wangu. Nianzie wapi?"

Kaka, pole sana, na kiukweli umeuliza vizuri kuliko wengi wanaonipigia simu wakisema tu gari inalia. Wewe umenipa kitu kimoja ambacho naona mafundi wako wote wawili hawakukusikiliza, kwamba gari ikilala nyumbani hailii sana, ikilala porini ndo inalia. Belti ni zilezile, injini ileile, baridi ya asubuhi ya Tabora ni ileile, sasa tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba porini usiku kucha friji imekula betri, taa zimekula, inveta imechaji simu, na asubuhi ukiwasha gari, altaneta, yaani ile mashine inayochaji betri, inakutana na betri zenye njaa. Kwa hiyo kabla sijaenda mbali nakwambia wasiwasi wangu mkubwa uko hapo, na huko kukaza kukaza ndo kumekuletea hako kangurumo ka pili.

Tuanze na taiming belti maana ndo imekutisha. Taiming belti ya 1HZ, ile inayofanya vali zifunguke kwa wakati wake, ina meno, inakaa ndani ya kava lake, na meno yake yameng'ata meno ya puli, haiwezi kuteleza ikapiga yowe kama unalolisema wewe, na hata siku moja haiwezi kujua kama umewasha taa au feni. Ikichoka inakatika, mara nyingi kimyakimya, na kwenye hii injini ikikatika vali zinakutana na pistoni na hapo ni hasara ya kulia. Sasa hapa lazima niwe mkweli pande zote mbili: mlio wako hautoki huko, lakini kama umenunua gari mkononi kwa mtu na hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe kwa sababu hiyo peke yake, kawaida ni kila kilomita 100,000, na vitabu vingine vinasema 150,000. Usiibadilishe ukitegemea kelele itaisha. Utalipa, utawasha asubuhi, italia, utachanganyikiwa zaidi.

Belti zinazolia ni zile mbili za nje, feni belti, zinazotoka puli ya kranki, ile inayozungushwa na injini yenyewe, zinazungusha wota pampu pamoja na feni ya rejeta, na altaneta. Ukiikata belti ile ukaiangalia kwa ubavu ni kama kabari, juu pana chini nyembamba. Watu wengi wanadhani belti inashika kwa kulala kwenye sakafu ya mfereji wa puli, hapana, inashika kwa mbavu zake mbili, inajikita katikati ya kuta za mfereji kama kabari ya kupasulia magogo inavyojikita kwenye ufa, na kadiri mzigo unavyoivuta inajikita zaidi. Siku mzigo ukizidi mshiko, zile mbavu zinaanza kuteleza na kushika, kuteleza na kushika, mara mamia kwa sekunde, na huo mtetemeko ndo ukelele unaousikia. Kila ikiteleza inapata moto, mbavu zinakuwa ngumu na kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na belti iliyong'aa inateleza kirahisi zaidi. Ndo maana belti mpya inakaa wiki chache ukanyamaza, afu unarudi kulekule.

Sasa altaneta. Puli yake ndo ndogo kuliko zote pale mbele, belti inaishika kwa kipande kifupi tu cha mzunguko, na yenyewe ndo inaweza kuwa nyepesi sasa hivi na nzito sekunde ijayo kutegemea umeme unaoutaka. Coaster nyingi za hivi ni volti 24. Chukulia asubuhi betri zako za injini pamoja na zile za nyumba, yaani zinazolisha friji na inveta, zinavuta ampea 40 kwenye volti 28, hiyo ni wati kama 1,100, na altaneta hizi zinapoteza karibu nusu ya nguvu kwenye joto, kwa hiyo belti inabeba wati kama 2,000, karibu hospawa tatu, kwenye puli inayoenea kiganjani, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na belti ikiwa ya baridi na labda ina umande. Lazima ilie. Halafu betri zikishiba kidogo zinapunguza kuvuta, belti inapata joto inalainika, ukianza kutembea altaneta inazunguka haraka na nguvu ileile inapatikana kwa mvuto mdogo zaidi kwenye belti, kelele inakufa. Ukiwasha taa na feni umeongeza mzigo, inafufuka. Umeona kila ulichoniandikia kimejipanga chenyewe.

Jaribio lenyewe ni la bure. Lala nje usiku mmoja kama kawaida yako, tumia friji na taa kama siku zote, asubuhi kabla hujawasha kata betri za nyumba kabisa, kama una swichi izime, kama huna toa terminali ya pozitivu na uifunge kwa kitambaa isiguse bodi. Washa. Kama imenyamaza au imepungua sana umeshapata jibu, mzigo wa betri za nyumba ndo unaizidi belti. Zima injini, rudisha terminali, washa tena usikie inavyoanza kulia. Usichomoe wala kurudisha waya wowote wa betri injini ikiwa inaunguruma, utaua daiodi za altaneta na mimi sitaki uongeze tatizo la tatu. Na ukiwa na mita, pima betri za injini ikiwa imewashwa na taa zote zimezimwa, ikikaa kwenye 27 mpaka 28 na kitu ni nzuri, ikiwa iko 25 huku belti inalia maana yake puli inateleza na altaneta haizungushwi ipasavyo.

Afu niulize kitu, hiyo friji ni ya volti 12? Kama ni ya 12 na mtu alikuunganishia kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili, hilo ni kosa ninaloliona sana. Betri moja inaisha, nyingine inachajiwa kupita kiasi, altaneta haijui imridhishe nani, na ndani ya miezi michache unanunua betri. Weka kibadilishi cha kushusha 24 kwenda 12, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya malori.

Tuje kwenye kangurumo, maana hapo ndo penye hatari zaidi ya ukelele. Ukelele mkali ni belti inateleza. Ngurumo nzito inayopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, hiyo mara nyingi ni beringi. Belti ikikazwa kupita kiasi inavuta shafti ya altaneta na ya wota pampu upande mmoja muda wote, beringi zinakula grisi yake zinaisha. Fundi wako wa kwanza alinunua ukimya wa wiki mbili kwa kutumia beringi zako.

Kuna Coaster ililetwa kwangu ikivutwa kutoka njia ya Ipole, belti zimekazwa mpaka ukizigonga na bisibisi zinalia kama uzi wa zeze. Beringi ya wota pampu ilikuwa imekwisha, shafti ikaanza kucheza, feni ikasogea mbele ikachora duara kwenye rejeta, unaweza kuweka kidole kwenye ule mchoro ukauzungusha wote, zile sega za aluminiamu zimelala kama majani yaliyofyekwa. Dereva alisema ilikuwa inanguruma wiki nzima akadhani ni zile belti tu zinataka kukazwa tena. Injini ilishachemka, silinda hedi ikapinda. Hiyo kazi iliyoanza na belti mbili iliishia kufungua injini. Nakueleza hivi uzichukulie hizo ngurumo kwa uzito wake, siyo kukutisha.

Kuzitofautisha siyo ngumu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ufunguo mfukoni mwako siyo kwenye swichi, shika feni kwa mikono miwili uitikise mbele nyuma na juu chini. Feni kuzunguka kwa uzito kidogo ni kawaida maana ina klachi yake ya mafuta, ila shafti ya pampu kucheza hata kidogo siyo kawaida. Angalia chini ya wota pampu kuna katundu kadogo, kama pana mstari wa maji uliokauka wenye rangi ya kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, pampu inaaga, na yale maji yakirukia belti nayo yanaifanya ilie. Halafu legeza belti uzitoe, zungusha puli ya altaneta kwa mkono huku umeweka sikio karibu. Nzuri inazunguka laini kimya, mbovu utaisikia kama kuna mchanga ndani. Bado ukiwa na shaka, washa injini bila belti kwa sekunde 30 tu usizidishe maana wota pampu haizunguki, ngurumo ikiwa imepotea inatoka kwenye vitu vilivyokuwa vinazungushwa na belti, ngurumo ikibaki iko ndani ya injini na hapo usiendelee peke yako, tafuta fundi wa injini.

Kama kompresa ya AC bado ipo, belti yake ni ya peke yake, itoe kwanza kabla ya zote, gari inatembea bila hiyo bila shida yoyote. Nimeshaona watu wanabadili feni belti tatu kumbe kapuli ka kukazia belti ya AC ndo kalikuwa kanalia.

Sabuni sasa. Jirani yako anakupenda lakini usipake sabuni, usipake mshumaa, usipulizie zile dawa za kulainisha kutu, na grisi ndo kabisa. Vyote vinanyamazisha kwa sababu vinaruhusu belti iteleze bila kupiga kelele, yaani tatizo linaendelea ila wewe hulisikii, altaneta haichaji vizuri, pampu inazunguka kwa kusuasua, na mafuta yanaivimbisha ile raba. Kitu pekee ninachokubali kipulizwe pale ni maji safi kidogo, na hiyo ni kwa ajili ya kupima. Simama pembeni, injini iko sailensa, kanga wala shati visining'inie, pulizia kidogo kwenye mbavu za belti mbali na altaneta. Kelele ikizidi, belti imelegea au imezidiwa. Kelele ikikatika sekunde chache afu ikarudi ileile, mara nyingi puli hazijakaa kwenye mstari mmoja.

Na puli uziangalie kweli, usibadili belti ya tatu kabla hujafanya hivyo. Belti ikiwa imetolewa, mulika tochi kwenye sakafu ya mfereji wa kila puli. Sakafu inatakiwa iwe chafu, na kutu kidogo au vumbi jekundu letu hili. Ukikuta sakafu inang'aa kama kijiko, belti imekuwa inagusa chini, maana yake mbavu hazishiki tena, ama belti ni nyembamba kuliko inavyotakiwa ama mfereji umelika. Hapa kwetu kuna ugonjwa mwingine, belti ya gari ikikosekana mtu anauziwa ya mashine ya kusaga, urefu umekaa anaona sawa. Ile imevikwa kitambaa mbavuni na mara nyingi upana na mlalo wa kuta zake haviko sawa na mfereji wa puli ya gari, kwenye mashine inafanya kazi nzuri tu lakini kwenye puli ndogo ya altaneta haiishiki. Chukua ya gari, ya saizi iliyoandikwa kwenye belti ya awali, na zinunuliwe mbili kwa pamoja za kampuni moja urefu mmoja. Ukifunga mpya moja na ya zamani moja, ile fupi inabeba mzigo wote na nyingine inacheza ngoma tu.

Puli ya kranki nayo ina raba katikati, kitovu cha ndani na duara la nje vimeshikanishwa na hiyo raba. Raba ikichoka duara la nje linateleza au linatembea nje ya mstari. Chora mstari mmoja wa rangi unaokatiza kitovu, raba na duara, tembea siku mbili, zima uangalie. Mstari ukiwa umekatika vipande visivyokutana, puli hiyo imekufa na hakuna belti itakayokaa hapo. Hiyo ni kazi ya gereji, bolti yake inakazwa kwa nguvu kubwa sana, usiigonge na nyundo.

Haya, tuseme puli ziko nzuri, beringi umeshabadili iliyohitaji, belti mpya ziko mkononi. Zifunge altaneta ikiwa imelegezwa, usizichokonoe kwa bisibisi kuzipandisha kwenye puli maana nyuzi za ndani zinakatika na hutaziona. Kaza mpaka ukibonyeza kwa dole gumba katikati ya kipande kirefu, nguvu ya kama kilo 10, inashuka milimita 10 mpaka 15 hivi. Shika na feni ya altaneta jaribu kuizungusha kwa mkono, ikiteleza ndani ya belti bado imelegea. Washa dakika kumi na tano, zima, ipoe, pima tena maana belti mpya inakaa kwenye mfereji na kulegea, pima tena baada ya safari ya kwanza. Wengi wanakosea hapo tu, wanafunga mpya leo hawarudi kuigusa, wiki ya pili inateleza, inang'aa, wanasema belti za siku hizi feki. Feki zipo kweli, ila nyingi zimeuliwa na kutokukazwa mara ya pili.

Kuhusu mzigo wenyewe una njia tatu na nitakwambia ninavyoziona. Ya bei ndogo ni kuweka swichi nzuri ya kutenganisha betri za nyumba, unawasha gari, unatembea dakika kumi, ndo unaiwasha. Inafanya kazi lakini inategemea wewe kukumbuka. Ya pili ni chaja ya kati, kidude kinachokaa kati ya betri za injini na za nyumba na kuruhusu ampea chache tu kupita, tuseme 20, hata betri zikiwa tupu kiasi gani altaneta haizidiwi. Inagharimu zaidi lakini unaisahau. Ya tatu ni sola juu ya bodi, na kwa jua la Tabora mimi ningeanza na hiyo, sababu wewe unasimama kijijini mchana kutwa ukisubiri asali ipimwe huku gari limezimwa, hizo saa zote betri zinakula bure na friji inajiendesha yenyewe. Masika mawingu yakifunga utahitaji altaneta tena, kwa hiyo sola pamoja na swichi inakutosha, chaja ya kati utaiongeza ukipata nafasi. Njia ambayo siikubali ni kufunga altaneta kubwa zaidi kwenye belti hizohizo, utakuwa umeongeza mzigo pale pale panapolia.

Kitu kingine, na hiki nimekikisia kwa sababu nimeona magari mengi ya kulala. Injini ya Coaster inafunguliwa kwa ndani, na mtu akitengeneza makabati anajengea plaiwudi juu ya lile kava. Kama umefanya hivyo, kata hiyo plaiwudi uweke bawaba. Ukiwa unahitaji kuhamisha godoro na ndoo za asali ndo uone belti, hutaziangalia, na fundi naye atakaza kwa kupapasa.

Usisafiri kwenda porini kabla hujaonana na fundi uso kwa uso kama shafti ya wota pampu inacheza, kama ule mstari wa rangi umeachana, kama mshale wa joto unapanda kuliko ulivyozoea, au kama ngurumo inabaki belti zikiwa zimetolewa. Hayo manne hayasubiri mzigo mmoja wa mwisho wa asali. Ukelele peke yake, bila ngurumo na joto likiwa kawaida, unaweza kutembea nao mpaka mjini.

Na ikitokea mmeshafika huko na belti moja imekatika, toa mabaki yake yasijizungushe kwenye feni, kaza iliyobaki, zima AC, inveta na betri za nyumba, tembea taratibu macho kwenye mshale wa joto. Zikikatika zote mbili taa ya chaji itawaka, zima palepale, usiseme nasogea mpaka kile kijiji. Kwa hiyo chini ya siti ya dereva kaa na belti mbili mpya na spana zinazoingia kwenye bolti za altaneta yako, na umuoneshe mama jinsi ya kuzifunga mkiwa nyumbani mchana, injini imepoa, mfanye mara moja mwanzo mpaka mwisho kabla ya kuifanya gizani Kaliua na tochi ya simu.